Visahani 60 vya titani: shajara ya mradi, Chake Chake

6 Januari

Visahani vimefika. Mzigo ulilala bandarini Mkoani tangu boti ya jana, na leo nimeufuata mwenyewe kwa daladala, maana simwamini mtu mwengine kuubeba. Nimerudi nao Chake mapajani kama mtoto mchanga.

Ni 60 kwa jumla, vya metali iitwayo titani, kila kimoja kipana milimita 15, kiingie sawasawa kwenye kishimo cha sahani ya kuoteshea seli yenye vishimo 24. Makundi ni matatu, 20 kila kundi. La kwanza ni laini, limesuguliwa mpaka unajiona uso. La pili limepigwa changarawe za alumina kisha likachovywa kwenye asidi. Rangi yake kijivu kilichofifia, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. La tatu limepita njia ileile ya la pili, ila baada ya asidi halikuachwa kwenye hewa: kila kisahani kimo ndani ya kichupa chake cha maji ya chumvi, kimezibwa. Kwenye daftari nimeyaita L, M na C, yaani laini, mparuzo, chumvi.

Swali la mradi: chembe za kinga zikikutana na titani ya kipandikizi cha jino, ile skrubu ya kwenye taya inayobeba jino la bandia, uso wa titani hiyo unazituliza au unazikasirisha?

Niandike na hili, ingawa Maalim anayenisimamia atasema si la shajara. Shangazi yangu alipandikizwa jino bara miaka mitatu iliyopita. Haukutimia mwaka, skrubu ikalegea, fizi ikatoa usaha, ikabidi itolewe. Wiki iliyopita kaja nayo imefungwa kwenye pindo la khanga, kafungua fundo mbele yangu. "Nyie mnaosoma, niambieni hiki kilikosa nini." Imo kwenye kikopo juu ya friji, nimeiandika "ya Shangazi, isiguswe".

9 Januari

Kwenye kikao kuna aliyeuliza: jino linashikwa na mfupa, sasa chembe nyeupe zinatafuta nini hapo? Maalim ametaka jibu la ukurasa mmoja.

Per-Ingvar Brånemark, Msweden, alikuwa Lund mwaka 1952 akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa kikakataa, mfupa umekishika. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno. Miaka mingi baadaye bado ilisemwa kwamba mwili unaikubali titani, kana kwamba titani haina neno na mtu. Kisha Tomas Albrektsson, aliyefanya kazi pamoja na Brånemark, akaligeuza jambo hilo: mwili unaitambua kuwa ni ngeni, na kwa kuwa umeshindwa kuimeza na umeshindwa kuitoa, unaizungushia ukuta wa mfupa. Ikiwa ndivyo, chembe za kinga ndizo zinazoamua kama ukuta utajengwa au ugomvi utaendelea.

Zinafika kwa zamu. Nyutrofili huwahi, ndani ya saa chache. Monosaiti hufuata, na ndani ya siku ya kwanza mpaka ya tatu zinageuka makrofaji, wale walaji wakubwa ambao mwanabiolojia Metchnikoff aliutazama ulaji wao kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza huko Messina mwaka 1882. Lakini hata hao wa mwanzo hawaikuti titani tupu. Titani ikigusana na hewa hujivika oksaidi papo hapo, ngozi ya nanomita chache tu. Juu ya oksaidi hukaa maji, juu ya maji protini za damu, albumini na faibrinojeni na faibronektini, katika sekunde za mwanzo. Makrofaji akija anapapasa protini: zimelalaje, zimejikunja au zimejinyoosha. Kwa hiyo mie sitazami chuma kina nini. Natazama kimevaa nini.

Maalim kausoma ukurasa, kakata mstari wa mwisho kwa kalamu nyekundu, kaandika "ushairi". Huku kwenye shajara unabaki.

12 Januari

Mapinduzi. Maabara imefungwa. Nimelala.

15 Januari

Kabla ya kumtoa mtu damu nimefanya jaribio la kimaskini, tone la maji. Unadondosha maikrolita 2 za maji safi juu ya kisahani, unapiga picha ubavuni, unapima pembe baina ya ukingo wa tone na chuma. Simu nimeiegemeza kwenye kasha la glavu, nyuma karatasi nyeupe na taa ya mezani. Nimetoa kisahani kimoja kila kundi, maana kikishapata tone hakiendi tena kwenye seli. Cha C nilikipuliza kwanza kwa hewa iliyochujwa ili kikauke.

L: tone limekaa kama nusu chungwa lililobonyea, digrii 70 na kitu.

M: nilidhani nimekosea. Tone limejiviringa, linang'ara, na ukiinamisha kisahani linatikisika zimazima, kama umande kwenye jani la jimbi. Zaidi ya digrii 120. Nimerudia mara tatu pembeni pembeni ya kisahani hichohicho.

C: hakuna tone la kupiga picha. Maji yamegusa yakatandaa, kisahani kimelowa chote mara moja.

M na C zimepigwa changarawe zilezile, zimekaa kwenye asidi ileile. Mabonde na vilima vyao vina wastani wa kati ya maikromita 1 na 2, kiwango ambacho ndicho cha vipandikizi vingi vya siku hizi. Kinachozitenga ni hewa tu. Hewa ina kaboni ya kila namna, moshi, mvuke wa spiriti, manukato, na hiyo hujibandika kwenye oksaidi ya titani siku hadi siku. Mabonde nayo yakishika hewa ndani, maji yanabaki yameelea juu ya vilele.

Nikatazama dirishani. Nyuma ya ukuta jirani ameanika karafuu za mwisho wa msimu kwenye majamvi matatu. Harufu ile ni yujenoli, ndiyo hiyohiyo wanayoichanganya na oksaidi ya zinki kuzibia meno. Pua yangu si shahidi wa kisayansi, lakini dirisha nimelifunga.

22 Januari

Damu ya watu watano, wote wamesaini, kibali kipo kwenye faili.

Kazi hii inataka mkono usiotetemeka. Damu iliyozimuliwa inamiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito, mrija umeinama, zisichanganyike. Inazungushwa nusu saa, na breki ya mashine lazima izimwe, la sivyo mashine inaposimama inavuruga kila kitu. Ukitoa mrija unaona chekundu chini, manjano juu, na katikati pete nyembamba ya ukungu, mfano wa utando wa maziwa yaliyopoa. Mradi wangu wote umo kwenye pete hiyo. Unaifyonza kwa pipeti ukizungusha mrija, na pumzi umezizuia bila kujijua.

Monosaiti nimezitia moja kwa moja juu ya visahani, 6 kila kundi. Wapo wanaozisubiri siku saba zikomae kwanza ziwe makrofaji. Mie nimeona anayefika kwenye jeraha ni monosaiti, basi na akutane na titani akiwa bado monosaiti. Vishimo vinne vimeachwa bila chuma, ndio wa kulinganishia.

24 Januari

Imeharibika.

Kipimo cha ELISA kinatoa rangi ya buluu, na ukitia asidi inageuka manjano. Kinapima saitokini, protini ambazo seli hutoa kupelekeana habari: zikizidi ndivyo manjano inavyokolea. Nilikuwa napima TNF-alfa, ambayo makrofaji huitoa akiwa amekasirika, na intaleukini 10, ambayo huitoa akiwa anatuliza. Sahani ya TNF-alfa imekolea manjano pande zote. L, M, C, sawa. Na vile vishimo vinne ambavyo havikuona chuma chochote, navyo manjano ileile. Maana yake seli zilishakasirishwa na kitu kabla ya kufika kwenye titani.

Visahani 18 vimekwenda na maji. Leo Ijumaa, nimekwenda kuswali nikiwa nahesabu bei zake.

28 Januari

Nimewashuku watoa damu. Nimeishuku seramu ya kulishia seli. Nimeishuku inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli. Nimemshuku hata kijana wa mwaka wa tatu anayeshika pipeti kama kijiti cha mshikaki, Mungu anisamehe.

Bi Mkubwa wa maabara, mwenye miaka zaidi ya 30 kwenye kazi hii, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja makoti. Kisha akauliza moja tu.

"Maji umechota wapi, mwanangu?"

"Kwenye lile dumu la maji ya distili, Bi Mkubwa. Lakini niliyapitisha kwenye otoklevu."

"Umeua wadudu. Maiti zao umeziacha mumo humo."

Nilisoma jambo hili chuoni na nikalifanyia mtihani. Kuta za bakteria wa kundi la gramu hasi zina endotoksini, na makrofaji akiinusa hata kidogo sana anapiga kelele za TNF-alfa. Joto la otoklevu, digrii 121 na mvuke, linamuua bakteria lakini endotoksini inabaki salama usalimini. Kuiangamiza kwenye vyombo vya kioo kunataka joto kavu, digrii 250 kwa nusu saa. Na dumu lile limekaa rafuni tangu kabla ya vuli, kila mmoja anafungua kifuniko na kuchota.

4 Februari

Kipimo cha endotoksini kimepatikana, kidogo tu, wenzetu wamekigawa. Kinatengenezwa kwa damu ya kaa wa pwani ya Marekani, yule mwenye gamba kama kwato ya farasi. Damu yake ni ya buluu na huganda ikikutana na endotoksini. Nilipomweleza mlinzi wetu, ambaye ni mvuvi wa Wesha, alitaka kujua kama analiwa.

Unachanganya, unaweka kwenye nyuzi 37 kwa saa nzima bila kutikisa, kisha unapindua kichupa kichwa chini. Kikimwagika, maji ni safi. Maji ya dumu: nimepindua, hayakumwagika. Yameganda juu ya kitako kama kipande cha jeli kilichosahauliwa, na pale chini ya taa nimekaa nimeinua kichupa hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maji ya sindano ya duka la dawa: yamemwagika yote.

Dumu limehamishiwa kwenye betri ya jenereta. Vioo vyote vimepita kwenye oveni. Bi Mkubwa hakusema "nilikwambia", ila alitabasamu upande mmoja.

12 Februari

Umeme umekatika saa nne usiku, jenereta imechelewa kushika, inkubeta imeshuka hadi nyuzi 31. Seli za mazoezi zimetupwa. Visahani havikuguswa. Mtungi wa kaboni dioksaidi nao unakaribia kwisha na mwengine bado uko Unguja.

20 Februari

Jaribio la pili limesoma. Damu ya watu walewale watano, maji ya sindano, visahani 6 kila kundi. Vishimo vitupu safari hii vimebaki karibu bila rangi, na hapo tu moyo wangu ukatulia. Mengine yote yakawa ziada.

L imetoa TNF-alfa nyingi. C imetoa kidogo, na intaleukini 10 yake imepanda, kwa watu wanne kati ya watano. Hili linakwenda sambamba na yaliyochapishwa Marekani mwaka 2016, kwamba titani yenye mparuzo na inayopenda maji huwasukuma makrofaji upande wa utulivu, na laini huwasukuma upande wa mchochota, yaani uvimbe na ghadhabu ya kinga. M ndiyo iliyonishughulisha. Nilitarajia ikae karibu na C, ndugu yake wa changarawe na asidi. Imekaa karibu na L.

Nimempelekea Maalim nikiwa nimeandika juu ya jedwali "M1" upande mmoja na "M2" upande wa pili, kama wanavyoandika wengi: M1 ni makrofaji wa vita, M2 ni makrofaji wa kujenga. Kalivuta jedwali.

"Hawa si Simba na Yanga," kasema. "Huyu mmoja asubuhi anavunja, jioni anajenga, na saa sita mchana anafanya yote mawili. Wewe umepima saitokini mbili saa 24, basi andika saitokini mbili saa 24."

Ana haki. Akaongeza la pili ambalo nimelala nalo: mchochota wa siku za mwanzo si adui. Bila ya huo hakuna anayesafisha damu iliyoganda na vipande vya mfupa uliochimbwa. Balaa ni mchochota usiojua kuondoka. Sahani yangu ya saa 24 haiwezi kuonyesha nani ataondoka.

Nimefuta M1 na M2 kwenye jedwali. Nimeacha majina ya saitokini.

26 Februari

Hadubini. Nilisahau jambo la kijinga: hadubini yetu ya seli inatazama kutoka chini, na titani haipitishi mwanga. Nimeona duara jeusi. Dawa yake ni kuzitia seli dawa ya kuzihifadhi zilivyo, kuzitia rangi zinazong'ara, kiini buluu na nyuzi za ndani kijani, kisha kukipindua kisahani kifudifudi juu ya kioo chembamba bila kukiburuta. Vitatu vya mwanzo nimeviburuta. Cha nne kimekubali.

Kwenye L seli zimetandaa bapa, mviringo, kama mayai ya kukaanga. Kwenye C nyingi ni ndogo, zimejivuta zikawa ndefu, ncha zimeingia mabondeni. Zipo kazi zilizoonyesha kwamba makrofaji akilazimishwa kuwa mrefu huelekea upande wa utulivu hata bila ya dawa yoyote. Kwenye M kuna sehemu hazina kitu kabisa, duara tupu zilizopangana. Bi Mkubwa kachungulia kasema ni mapovu: hewa ilinasa mabondeni wakati wa kumimina, seli hazikupata pa kukaa. Jani la jimbi tena.

11 Machi

Ramadhani. Damu tumesimamisha. Wawili kati ya watoaji wanasema kutoa damu hakufunguzi, mmoja anasema huko ni kujitia katika shaka, na mie sitaki mradi wangu uwe sababu ya mtu kulipa saumu ya kadha.

Muda huu nimeutumia kwa taa. Oksaidi ya titani ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno huunguza kaboni iliyojibandika na kurudi kupenda maji. Wajapani Fujishima na Honda ndio walioifungua njia ya elimu hii mwaka 1972. Mwaka 2009 kundi la Takahiro Ogawa, Los Angeles, lilionyesha kwamba titani huzeeka ndani ya wiki chache tangu itengenezwe, ikapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kushikana na mfupa, na kwamba mionzi hiyo huirudishia ujana. Sina mashine yao. Nina taa ya kuulia vijidudu ndani ya kabati la seli.

Nina M saba zilizobaki. Moja nimeilaza chini ya taa saa 48, nikaitoa baada ya futari, nikadondosha maikrolita 2. Limetandaa. Nimetafuta ukingo wa tone kwenye picha sikuuona.

Siku ya tatu baadaye, kisahani hichohicho kikiwa mezani kimefunikwa sahani tu, upande ambao haukupata maji: tone limeanza kusimama tena.

12 Aprili

Jaribio la tatu, damu baada ya Idi. M tatu za taa, zimetoka kabatini zikaingia kwenye seli ndani ya dakika kumi. M tatu bila ya taa. C tatu. Masika imeanza, maabara imejaa unyevu na mwavuli wa kila mtu uko kwenye ukumbi.

M za taa mbili zimetoa TNF-alfa kidogo, karibu na C. Ya tatu imekaa na wale wasiomulikwa. Nimerudia kusoma sahani, ni hivyohivyo. Kijana wa mwaka wa tatu, ambaye pipeti yake imenyooka siku hizi, kakumbusha kwamba ile ya tatu ilianguka kutoka kwenye kibano, ikalala kifudifudi juu ya karatasi kabla haijaingia kishimoni. Ilikuwa kwenye maandishi yake, si kwenye yangu. Kwa tatu tatu sitaandika zaidi ya hapo. Nimeagiza visahani 40 vya M na sanduku la kuvitunza lenye gesi ya naitrojeni, na ombi la pesa lina sentensi moja mpya: tarehe ya kutengenezwa kwa kila kisahani, na saa kilipofunguliwa, ziandikwe kwenye jedwali sawa na jina la kundi lake.

17 Aprili

Shangazi kapiga simu. Kaniuliza hali, kauliza mvua, kauliza kama nimekula, kisha:

"Na jino langu mmelimaliza?"

Nimemwambia ukweli. Skrubu iliyotoka mdomoni imeshavaa damu, usaha, utando wa bakteria na miaka miwili ya pindo la khanga. Tone la maji juu yake halitaniambia ilivaa nini siku ilipoingia. Nimemwambia pia kwamba ana sukari, na sukari ikipanda makrofaji hukawia kutulia hata chuma kiwe kizuri namna gani, na kwamba meno ya jirani yalikuwa na ugonjwa wa fizi kabla. Nimezungumza sana. Kanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Kwa hiyo humo mwenye kikopo haina kazi."

"Haina, shangazi."

"Basi nirudishie. Niliilipia."

Nitampelekea Jumamosi, Wete.